Ndago ya Bustani Inywe Maji Gani?

Neno ndago likitajwa Mwingi au Wote, picha inayomjia mtu si ya bustani. Ni ya mgongo ulioinama, jembe mkononi, na gugu lililopaliliwa Jumatatu likachungulia tena Ijumaa. Kwa hiyo anayependekeza ndago ipandwe kwa makusudi, tena kwa sababu inapendeza macho, katika kaunti mbili ambako punda bado hubeba mitungi ya lita 20 kutoka mtoni, anadaiwa maelezo. Msimamo ninaoutetea ni huu: ndago ina mahali pake katika boma la Kitui na Makueni, lakini ni mahali pamoja tu, pale yanapopita maji yaliyokwisha kutumika, na iwe ndago inayokaa kichaka kimoja bila kutambaa, yenye asili ya huku kwetu Afrika. Hoja za kinyume nimezigawia wasemaji wanne: Mkulima, Mchota Maji, Afisa wa Afya na Mwenye Bustani. Si watu fulani. Ni hoja zinazozuka popote suala hili linapozungumzwa, na hoja ya mmoja wao ni nzito hivi kwamba imenipunguzia nusu ya nilichokusudia kutetea.

MKULIMA: Mwanangu, hilo gugu limetumaliza. Unaling'oa, unaacha kipande kimoja, mvua ya Novemba ikinyesha linarudi na watoto kumi. Leo unataka nilipe pesa kwenye kitalu nimlete adui nyumbani?

Mkulima ana ushahidi mkubwa kuliko anaoutoa. Mwaka 1977, LeRoy Holm na wenzake walipochapisha kitabu chao kuhusu magugu mabaya zaidi duniani, la kwanza kabisa lilikuwa hili hili la shambani, Cyperus rotundus, mbele ya magugu mengine yote yanayosumbua mpunga, pamba na mahindi. Nguvu yake imo chini ya udongo. Chimba taratibu shina moja utaona viazi vidogo vyeusi, kila kimoja kama punje ya njugu, vimeungana kwa uzi mwembamba mithili ya shanga. Vikiwa bado vimeungana, cha mbele huwazuia wenzake kuchipua. Jembe likiukata uzi, kila kiazi kinakuwa huru, nacho kinaota. Ndiyo maana palizi ya harakaharaka huonekana kama imepanda badala ya kung'oa. Dawa ya bei nafuu huku kwetu ni jua lenyewe: kulima wakati wa kiangazi, Agosti au Septemba, viazi viletwe juu vinyauke kabla ya mvua. Viazi hivyo havistahimili kukauka kabisa.

Lakini jina moja limebebeshwa ukoo mkubwa kupita kiasi. Jamii ya ndago ina spishi zaidi ya 5,000 duniani, na kumhukumu kila mmoja kwa makosa ya yule wa shambani si haki. Kwanza tuzitofautishe na nyasi: shika shina, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. La nyasi ni mviringo, lina vifundo, na ndani lina uwazi. La ndago mara nyingi lina pembe tatu, halina vifundo, na ndani limejaa. Kisha tuzitofautishe zenyewe kwa zenyewe. Mafunjo ni ndago. Ile inayouzwa sana kwenye vitalu, yenye majani yaliyotandazwa juu ya kila shina kama mbavu za mwavuli, Cyperus involucratus, nayo ni ndago, na huota yenyewe kando ya mito ya Afrika Mashariki. Hii ya mwavuli haina shanga za viazi. Ina shina nene, fupi, lisiloenda mbali chini ya udongo, na kichaka chake chote hung'oka kwa jembe na mikono miwili. Ukipewa mche, uchomoe kwenye mfuko wake, tikisa udongo, tazama mizizi. Ukiona shanga nyeusi, hata kama ni za jirani yake aliyekuja na udongo wa kitalu, usiupande. Naamini mashamba mengi yameingiliwa na ndago mbaya kwa njia hiyo, ikiwa imejificha katika mfuko wa mche wa mwembe.

Onyo la Mkulima halifutiki hapo lote. Ndago ya mwavuli haitambai kwa viazi, ila hutoa mbegu, na mahali penye unyevu zinaweza kuota zisipotakiwa. Basi vichwa vikianza kugeuka rangi ya kahawia, vikatwe. Asiye tayari kwa kazi hiyo asiipande.

MCHOTA MAJI: Mimi sibishani na jina. Nauliza hesabu. Mmea wa majini unakunywa kiasi gani, na nani atayabeba hayo maji Septemba, mto ukiwa mchanga mtupu?

Hili ndilo swali lenyewe, na lijibiwe kwa lita. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Katika nchi ya joto la kadiri na ukavu kama yetu, mmea usiokosa maji hupoteza hewani takribani milimita tano kwa siku. Ukivumiwa na upepo mkavu pande zote, kama inavyokuwa kwa kijani kidogo katikati ya uwanja mtupu, hupoteza zaidi. Tuta la ndago la mita mbili kwa mbili ni mita nne za mraba. Hizo ni lita 20 kwa siku, yaani mtungi mmoja mzima. Kuanzia Juni hadi Oktoba, miezi mitano ya kiangazi kirefu, ni mitungi 150 na ushee. Hakuna uzuri unaostahili mama abebe mitungi 150 kwa ajili yake, na hapa simtafutii Mchota Maji jibu la kumpunguza. Ana haki yote. Ndago isimwagiliwe hata kikombe kimoja cha maji ya kunywa, ya kuchota, au ya kununuliwa kwa mwenye mkokoteni.

Kinachobaki ni maji ya aina nyingine. Familia ya watu watano, hata kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa siku, inaingiza nyumbani lita 100. Sehemu huishia tumboni na kwenye sufuria. Sehemu kubwa hutoka tena ikiwa na sabuni: bafuni, kwenye beseni la kufulia, kwenye karai la vyombo. Tuseme yanatoka nusu tu. Ni lita 50 ambazo tayari zimebebwa, tayari zimelipiwa kwa jasho, na katika maboma mengi humwagwa uani zikafanya kidimbwi cha tope chenye harufu, kuku wakichakura ukingoni. Ndago haiyaongezi wala haiyapunguzi maji ya kunywa ya nyumba hiyo. Inakunywa yaliyokuwa yanapotea.

MCHOTA MAJI: Hayapotei kama nina mgomba, mwanangu. Yape migomba na mipapai, watoto wale. Ua haliliwi.

Hapa ndipo nilipolazimika kurudi nyuma. Nilikusudia kutetea tuta zima la ndago katika kila boma, na hoja hii inakataa, nami naona inakataa kwa haki. Mgomba unapenda maji hayo hayo, unavumilia sabuni kiasi, na tunda lake liko juu mbali na uchafu. Katika nchi ambayo mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa, na zile za Machi hadi Mei huweza kumkatisha mtu tamaa, chakula kitangulie. Lakini aliyewahi kuuchimbia mgomba shimo la maji ya bafu anajua linavyokuwa baada ya miezi michache: mafuta, nywele, mchanga na povu huziba udongo, maji yanasimama juu, shimo linanuka, na mgomba unageuka manjano. Kazi ya ndago ni kukaa mbele ya mgomba, kwenye mdomo wa mfereji, katika tuta dogo la kokoto lisilozidi mita moja ya mraba, ili maji yafike kwenye mgomba yakiwa yamechujwa. Mita moja hunywa lita tano au sita. Zilizobaki zinaendelea kwenda kwenye chakula.

Kwa nini ndago na si nyasi yoyote? Vunja shina la mafunjo uone ndani: ni sponji nyeupe, nyepesi kuliko gunzi la mahindi. Uwazi ule mdogo mdogo ni njia ya hewa. Mizizi ya mimea mingi hufa ikizama kwenye tope kwa sababu inakosa hewa. Ndago huiteremsha hewa kutoka juu hadi kwenye mizizi, na kuzunguka mizizi hiyo vijidudu wasioonekana kwa macho hupata pa kuishi na kula uchafu ulio majini. Jambo hili si ndoto ya wapenda maua. Nairobi, katika miaka ya 1990, maji machafu ya mkahawa wa Carnivore na mabwawa ya kuogelea ya jirani yake yalianza kupitishwa katika kinamasi kilichochimbwa makusudi na kupandwa mimea ya majini, mafunjo yakiwamo, kikawa pia bustani ya kutazamwa na makazi ya ndege. Mashamba ya maua ya Naivasha nayo yametumia mbinu hiyo. Mdomo wa mfereji wa bafu huko Kibwezi ni jambo dogo sana ukilinganisha, ila kanuni ni moja.

Kuna kitu ndago haifanyi, na wauzaji wa miche huwa hawakitaji: haiondoi chumvi. Sabuni ya unga ina chumvi nyingi, nayo hubaki kwenye udongo, huugandisha, na mwishowe huudhuru hata mgomba. Sabuni ya kipande ni afadhali, maji ya kwanza ya kufulia nguo chafu sana yamwagwe kwingine, na mfereji upangwe ili mvua kubwa ya Novemba iingie humo ioshe tuta zima. Mboga za kuliwa mbichi zisipandwe kwenye njia ya maji haya.

AFISA WA AFYA: Mnapanda malaria. Kila penye majani mabichi na maji, mbu wapo.

Mbu hahitaji majani. Anahitaji maji yaliyo wazi, yanayokaa kwa wiki moja hadi mbili, muda ambao yai linageuka mbu anayeruka. Kidimbwi cha tope nyuma ya bafu, ambacho hakina ndago hata moja, kinampa vyote viwili. Tuta ninalolitetea halina maji yanayoonekana: shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, kokoto kubwa chini, changarawe juu, na maji yakipita ndani yake, vidole vinne chini ya uso. Ukiliweka sikio utayasikia, hutayaona. Lakini kwa anayetaka beseni la maji wazi sebuleni au bwawa la saruji mbele ya hoteli, mafunjo yamesimama katikati, Afisa wa Afya ana haki kumfuata, na mimi simtetei mtu huyo.

Kuficha maji yasionekane na jua si wazo geni Ukambani. Ndiyo hekima ya mabwawa ya mchanga yenyewe. Ukuta unajengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga nyuma yake, na katikati ya chembe za mchanga maji yanajaa robo au zaidi ya ujazo wake, jua likiwa halina pa kuyashika. Shirika la SASOL limejenga mamia ya kuta hizo Kitui kwa mikono ya vikundi vya kazi ya pamoja, yaani mwethya, na upande wa Makueni wakulima wa Utooni wamefanya kazi ile ile kwa miongo. Makueni iliuthamini mchanga hadi ikautungia sheria mwaka 2015, na mamlaka ya kuusimamia. Tuta la kokoto nyuma ya bafu ni bwawa la mchanga la kimo cha mtoto.

MWENYE BUSTANI: Basi kama maji yamo mchangani, nipande mafunjo kando ya bwawa letu. Na hizi ndago nyembamba za rangi ya shaba ninazoziona kwenye majarida ya bustani, kwa nini nisiagize?

Kwa mafunjo kando ya bwawa la mchanga, jibu ni hapana. Mafunjo hufika mita nne na zaidi, na kila shina ni bomba linalonyonya kutoka chini na kutoa hewani. Watu wamejenga ukuta ili jua lisiyapate maji, kisha mtu anapanda mabomba ya kulipelekea jua. Kwenye kingo za ukuta, pale mafuriko yanapokula udongo, nyasi za kushika mmomonyoko zinazojulikana kwenye makinga-maji ya fanya juu zinatosha. Mafunjo yana kwao: ziwani Victoria, Naivasha, na kwenye chemchemi zinazobubujika kutoka mawe ya volkano ya Chyulu, kama Mzima. Chemchemi za Umani kule Kibwezi, na maji ya Kiboko na Makindu, ni watoto wa vilima hivyo hivyo vya Chyulu. Aliye na chemchemi ya kudumu hana haja ya ushauri wangu. Wengine wote waachane na mafunjo.

Na zile ndago za rangi ya shaba ni Carex za New Zealand, nchi yenye baridi kuliko huku kwetu. Kenya nayo ina Carex zake, ila nyingi ni za milimani penye baridi, kama zile za Mlima Kenya, kwenye vinamasi vilivyo juu ya mita 3,000, mahali ambapo maji huganda usiku. Kuzipanda Carex Mtito Andei ni kuzipeleka kufa. La kusikitisha zaidi ni kwamba ndago ya mwavuli, ambayo Ulaya huwekwa chunguni karibu na dirisha na kuingizwa ndani baridi ikianza, ni mwana wa mito yetu. Wao wanaibembeleza, sisi tunaipita mtoni tukienda kuulizia ya New Zealand.

Kuipita mtoni kuna maana pia kwamba isichimbwe huko. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto katika ukanda wa mita 6 hadi 30 kulingana na upana wake, na ukingo uliong'olewa ndago zake hubomoka mvua ya kwanza. Wala hakuna haja ya kung'oa, kwa kuwa mmea huu huzaliana kwa kichwa chake. Kata shina moja lililokomaa, uache urefu wa kidole chini ya kichwa. Punguza majani yale ya mwavuli kwa nusu. Kisha kigeuze, juu kiwe chini, ukizamishe kwenye kopo la maji kivulini, shina likitazama angani. Inaonekana kama kosa. Baada ya wiki mbili hadi nne, pale majani yanapokutana hutoka mizizi myeupe, laini kama uzi wa kushonea, na katikati yake vichipukizi vya kijani. Badilisha maji yasikae wazi muda mrefu, kwa sababu aliyoitaja Afisa wa Afya. Vichwa vitatu vinatosha boma moja.

Utunzaji wake si mwingi, lakini una majira. Miche ipandwe mvua za Oktoba zikishakolea, ishike mizizi kabla ya jua la Januari, na izungushiwe miiba, kwa kuwa mbuzi wakati wa njaa ya majani hachagui. Mashina yaliyokauka yakatwe chini kabisa mwishoni mwa kiangazi. Ukiyaacha mchwa watayafuata, na wakishayamaliza watatazama nguzo za bafu. Kila baada ya miaka miwili au mitatu kichaka kigawanywe kwa panga, cha katikati kilichozeeka kitupwe, cha pembeni kirudishwe. Kokoto zitolewe zioshwe zikianza kuziba. Ikitokea familia imesafiri mwezi mzima na mfereji umekauka, majani yatakufa yote na tuta litaonekana limekwisha. Usiling'oe upesi: shina la chini likiwa bado gumu na jeupe ukilikwaruza, litachipua maji yakirudi.

Kesho ukimaliza kufua, mwaga beseni la mwisho pale unapomwaga siku zote, kisha simama utazame maji yanakoelekea. Yakizama kabla ya hatua mbili, panda mgomba peke yake. Yakituama na kufanya tope, hapo pana nafasi ya vichaka vitatu vya ndago ya mwavuli, na mgomba hatua mbili mbele yake.